Paka Mpya Kisenyi: cha Kununua na cha Kuokoteza

Kisenyi, hapa Kampala, ni mahali pa mashine za kusaga mahindi na maghala ya nafaka, na palipo na nafaka panya hawakosi. Ndiyo maana paka hupewa makao hapa hata kwenye chumba kimoja cha kupanga, na majirani zetu Waislamu, Wasomali na wengineo, hawamhesabu kuwa najisi ndani ya nyumba. Shida ni pesa. Wengi wanaoniletea mtoto wa paka huwa wameshanunua kitanda cha manyoya na bakuli lenye picha ya samaki, na ya chanjo haikubaki. Ningependa iwe kinyume chake: vyombo viokotezwe, pesa ziende kwenye mwili wa paka. Mimi ni daktari wa mifugo, na haya ndiyo maswali ninayoulizwa zaidi.

Daktari, jirani amenipa mtoto wa paka na mfukoni sina kitu kikubwa. Nianze kununua nini?

Kama bado ananyonya, mwache kwa mama yake afikishe wiki nane. Hiyo haina gharama, na itakuokoa na kuharisha kwingi. Akishakuja, cha kwanza kununua ni dawa ya minyoo, ipimwe kwa uzito wake na mtu anayejua. Zaidi ya hapo unahitaji beseni la kujisaidia, sahani mbili na mahali pa kulala. Sahani za bati au za udongo ni bora kuliko plastiki, maana plastiki ikichubuka huficha uchafu. Kitanda ni taulo zito la mivumba, yaani mtumba, kutoka soko la Owino, lifuliwe kwa maji moto, likunjwe ndani ya boksi. Ongeza chanuo la chawa, lile lenye meno ya karibu mnalotumia kwa watoto. Hakuna kifaa cha bei ndogo kinachokamata viroboto vizuri kama hicho. Mkanda wa shingoni acha kabisa, na kamba usimfunge. Paka anapita chini ya vitanda na juu ya mabati, na kamba ikinasa hunyongeka.

Mchanga wa paka wa dukani ni ghali mno kwangu. Nifanyeje?

Usinunue. Tumia mchanga wa kujengea, uuchekeche, uuanike juani ukauke vizuri. Au nenda kwa seremala, na ukiwa na nafasi fika Ndeeba kwenye mbao, uombe maranda, yale mapande membamba yanayotoka kwenye randa. Usichukue vumbi laini la msumeno, litamwingia puani na machoni, na uliza kwanza kama mbao hizo hazikupakwa dawa ya mchwa. Pumba za mahindi kutoka mashineni hazifai: zikilowa huchacha, na utakuwa umewatandikia panya meza. Makapi ya kahawa, wanayotandikiwa kuku, pia yakatae. Yana kafeini, na paka hujilamba nyayo siku nzima.

Beseni lenyewe liwe pana, kina cha kidole kimoja na nusu kwa mtoto ili aweze kupanda. Jerikeni kuukuu la lita 20 likikatwa kwa urefu linatosha kabisa, ila ukwangue makali ya kingo. Kinyesi kitolewe kila siku bila kukosa. Vijidudu vya toksoplasma vinavyotoka na kinyesi cha paka huhitaji angalau siku moja nje ya mwili kabla ya kuweza kuambukiza, kwa hiyo ukiwahi umevishinda. Mama mjamzito asifanye kazi hiyo kama yupo mwingine wa kuifanya.

Nimlishe nini? Chakula cha mfuko kinanishinda.

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndipo watu wanapokosea kwa nia njema. Paka ni mla nyama kwa maumbile. Posho, yaani ugali, humjaza tumbo, haimjengi. Kuna kitu kiitwacho taurini ambacho mwili wake hauwezi kujitengenezea cha kutosha, lazima kitoke kwenye nyama au samaki. Kikipungua kwa miezi, macho hufifia na moyo hulegea na kutanuka. Uhusiano huo wa taurini na moyo ulithibitishwa na watafiti wa California mwaka 1987, na tangu hapo viwanda makini vimekuwa vikihakikisha taurini inatosha kwenye chakula cha paka. Chakula cha mbwa si lazima kiwe nayo. Kwa hiyo ukiambiwa dukani "chukua hiki cha mbwa, ni sawa tu na ni nafuu," si sawa.

Nafuu ya kweli ipo Owino, nayo ni mukene, wale dagaa wakavu. Ila chagua. Mukene wa chakula cha watu huanikwa juu ya vichanja. Ule wa chakula cha mifugo mara nyingi huanikwa chini, unakuja na mchanga. Shika kiganjani usugue: ukisikia chenga, rudisha. Uoshe mara kadhaa, uuchemshe kwa maji machache bila chumvi, bila kitunguu, bila kitunguu saumu, maana vitunguu vyote huharibu damu ya paka. Supu usiimwage, kwa sababu taurini huyeyukia humo. Mbichi usimpe, samaki kadhaa wakiwa wabichi huwa na kimeng'enya kinachoharibu vitamini B1.

Samaki peke yake kila siku pia si chakula kamili. Mara kadhaa kwa wiki pita buchani uombe kipande cha moyo wa ng'ombe, maana moyo una taurini kwa wingi, au shingo na mioyo ya kuku. Maini ni kidogo tu, mara moja kwa wiki. Ukipata mgongo wazi wa sangara, chambua nyama kwa vidole umpe hiyo tu, kwa kuwa mifupa iliyopikwa huchoma koo. Wali au posho usizidishe kijiko kimoja, cha kulainishia. Na ukijaliwa kununua chakula cha paka cha kiwandani, nunua mfuko mdogo uliofungwa wenye tarehe, umchanganyie kila siku kidogo. Kile kinachopimwa kwa kikombe na kutiwa kwenye kaveera, mfuko wa plastiki, huwezi kujua kimekaa wazi tangu lini.

Na maziwa?

Maji safi yanatosha. Paka wengi wakishaacha kunyonya hawawezi kumeng'enya sukari ya maziwa ya ng'ombe, na mtoto wa paka anayeharisha hukauka maji upesi.

Nina stoo ya nafaka. Nimeleta paka, na usiku bado naweka sumu. Mwenzangu anasema nisimlishe ili awinde.

Kaka, chagua moja, paka au sumu. Sumu nyingi za panya huzuia damu kuganda. Panya aliyeila hafi papo hapo. Hutangatanga siku kadhaa akiwa mzito, na huyo ndiye paka wako atakayemkamata wa kwanza. Ufizi ukipauka, akihema kwa shida, au ukiona damu puani au chooni, mkimbize kwa daktari. Vitamini K1 huokoa kama mmewahi, lakini matibabu ni ya wiki kadhaa na bei yake inapita ya mitego yote ya stoo yako. Vile vipakiti vya mitaani visivyo na lebo vinanitia hofu zaidi, kwa kuwa huwezi kuniambia amekula nini.

Tega mitego, nyanyua magunia juu ya mbao mbali na ukuta, ziba matundu kwa sementi na wavu wa chuma. Paka atafukuza panya wadogo na kuwazuia wageni. Yule mkubwa wa mtaro wa Nakivubo, paka wengi humkwepa. Na mlishe. Paka aliyeshiba bado huwinda, tena kwa nguvu. Mwenye njaa huondoka akaiba samaki kwa jirani, akarudi amemwagiwa maji ya moto.

Viroboto vimemjaa. Nimeuziwa dawa ya kuogesha ng'ombe, nichanganye kidogo?

Hapana, mama, hata tone. Dawa za kupe wa ng'ombe na za viroboto vya mbwa zimeua paka wengi, hasa zile zenye permetrini. Mchane na lile chanuo, uchovye viroboto kwenye maji ya sabuni, ufue taulo lake kila wiki na kulianika juani. Vikizidi, tafuta dawa iliyoandikwa kuwa ni ya paka na ya umri wake. Na kwa kuwa umegusia dawa: akipata homa usimpe Panadol. Nusu kidonge tu kinaweza kumuua, ini lake haliwezi kuivunja.

Nikinunua kichupa cha chanjo nimchome mwenyewe, si nitaokoa pesa?

Chanjo hukaa kwenye baridi ya nyuzi 2 hadi 8. Ukiibeba mfukoni kutoka maduka ya dawa za mifugo ya Container Village mpaka nyumbani mchana, unaweza kumchoma maji matupu na hutajua. Chanjo ya kichaa cha mbwa, ambayo paka naye anaihitaji, hutolewa afikishapo miezi mitatu, kisha hurudiwa kama daktari atakavyokuandikia. Siku ya kichaa cha mbwa duniani ni 28 Septemba. Kuanzia mwanzoni mwa mwezi huo ulizia ofisi ya mifugo ya jiji kama kuna kampeni ya chanjo. Makerere kwenye chuo cha tiba ya wanyama kuna kliniki ya wanyama wadogo, na ulizia huko pia gharama ya kumfunga kizazi jike au kumhasi dume. Jike anaweza kushika mimba akiwa na miezi minne tu, na baada ya wiki tisa hivi utakuwa unalisha vinywa vitano.

Ukimpeleka kliniki, usimbebe mikononi kwenye boda. Kwenye maduka ya vifaranga omba boksi tupu la vifaranga wa siku moja. Lina matundu ya hewa tayari. Tandika taulo lake, funga kwa kamba pande zote mbili, ulipakate.