Kona ya Dada: Breki Kwanza, Mbio Baadaye

Wadogo zangu, leo nawajibu nyinyi wa Kola na vilima vya Kalama mnaoendesha Subaru Impreza WRX. Swali lenu ni moja: je, mtu anaweza kujibadilishia pedi na paipu za breki za nyuma hapo nyumbani? Pedi unaweza, ukiwa na vifaa na subira. Paipu usizifungue peke yako.

Mapenzi yenu kwa gari hili nayaelewa. Patrick Njiru alimaliza wa nne kwenye Safari Rally ya 1994 akiwa na Impreza, na hadi leo Wakenya wanalitaja kwa fahari. Lakini nikiwasikiliza, pesa nyingi zinaishia kwenye ekzosi na rimu. Breki za nyuma zinakumbukwa mwisho kwa sababu pedi zake hazichakai upesi: ukikanyaga breki, uzito wa gari hulalia mbele, nazo za mbele zikafanya kazi kubwa. Hiyo haimaanishi kwamba za nyuma ni pambo. Zisiposhika, mzigo wote unabaki mbele, na mkiwa mnateremka mlima, za mbele zitapata moto kupita kiasi.

Tuanze na pedi. Egesha mahali tambarare, kisha zuia magurudumu ya mbele kwa mawe, maana hendibreki ya WRX hushika ya nyuma na itabidi uiachilie ukitaka kutoa diski. Jeki ni ya kuinulia tu. Gari likishainuka, liweke juu ya stendi za chuma. Usilipandishe juu ya matofali, hata kama ni kwa dakika tano.

Fanya upande mmoja kwanza, ule wa pili ukuonyeshe kila kitu kinavyokaa. Ukitoa kalipa, ifunge kwa waya. Usiiache ining'inie kwa hosi. Rudisha pistoni polepole kwa klampu huku ukichungulia kopo la mafuta ya breki lisifurike, kwani mafuta hayo hubabua rangi ya gari. Kwenye WRX pistoni husukumwa moja kwa moja, kwa kuwa hendibreki ina viatu vyake ndani ya diski. Magari mengine ya spoti pistoni huzungushwa ikiingia, kwa hiyo uliza kabla hujalazimisha. Pedi ikibaki chini ya milimita 3, badilisha pande zote mbili kwa pamoja. Diski nayo imeandikwa unene wake wa mwisho. Ikipungua chini ya hapo, haifai. Na vumbi la breki usilipulize, litaingia kifuani. Lisafishe kwa dawa ya kuoshea breki.

Sasa paipu. Hosi ya mpira ikizeeka hupasuka nje, au huvimba ndani ikazuia mafuta kurudi, gurudumu likabaki limeshikwa na kuchemka. Paipu ya chuma huliwa na kutu. Ukiifungua yoyote, hewa inaingia, na hewa hubonyea, kwa hiyo pedeli itazama. Ndiyo maana nataka fundi awepo, tena wawe watu wawili: mmoja akanyage, mwingine afungue nipo ya kutolea hewa, na kopo lisikauke hata mara moja. Atumie spana ya paipu, kwani spana ya kawaida hula nati. Pete za shaba (washa) za hosi ziwe mpya.

Mafuta yawe DOT 3 au DOT 4 kama kifuniko cha kopo kinavyosema. DOT 5 ya silikoni usichanganye nayo kamwe. Nunua chupa ambayo haijafunguliwa, kwa kuwa mafuta haya hunyonya unyevu. DOT 4 mpya hustahimili nyuzi 230 kabla ya kuchemka, lakini ikishanyonya maji kiwango kinachotakiwa ni 155 tu. Yakichemka mteremkoni yanatoa mvuke, na pedeli inafika sakafuni bila gari kusimama.

Ukienda Nairobi kutafuta spea Kirinyaga Road, beba pedi ya zamani na namba ya chesisi, udai risiti. Na fundi akikwambia aizibe paipu ya gurudumu moja "ili ufike tu", mkatalie. Usipoziba ufa utajenga ukuta, lakini ufa wa breki hauzibwi hivyo.

Dada zangu mnaoendesha, nanyi msikae kwenye kibanda cha chai kazi ikifanyika. Simameni hapo, ombeni kuona pedi zilizotolewa, ulizeni mafuta gani yametiwa. Gari ni lenu.

Kazi ikiisha, kanyaga pedeli hadi iwe ngumu kabla hujatia gia. Kagua kila kiungo kama kinavuja. Jaribu taratibu kwenye tambarare, kisha punguza mwendo kutoka kilomita 60 hadi 20 mara kadhaa, ukiipa breki nafasi ya kupoa, ili pedi zikubaliane na diski. Hapo ndipo uelekee milimani, na ukiteremka tumia gia ndogo.

Mwezi huu ukiwa na pesa ya kitu kimoja tu kwenye gari lako, nunua breki. Ekzosi itasubiri, na sisi nyumbani tunataka ufike.