Kunakili Programu za Kompyuta Bila ya Idhini ya Wenyewe

Tumeulizwa na baadhi ya ndugu zetu wanaohudhuria darsa: Je, yajuzu mtu kutia katika kompyuta yake programu iliyonakiliwa bila ya idhini ya mwenyewe, na ambayo kufuli yake imevunjwa? Muulizaji ameongeza ya kuwa jambo hili limeenea katika miji yetu hata halihesabiwi kuwa ni jambo, na kwamba zimo madrasa ambazo mitihani yake huandikwa kwa programu za namna hii.

Ama wanaohalalisha, hoja yao yenye nguvu ni moja. Wao husema: Mwizi ni yule aondoaye kitu kikamkosa mwenyewe. Mwenye kuiba mbuzi humwacha mwenziwe hana mbuzi. Lakini mwenye kunakili programu hakumwondolea mtu kitu; programu yake anayo vile vile. Basi wizi uko wapi?

Hoja hii hatuidharau, kwani haikutoka vinywani mwa wajinga peke yao. Mufti Muhammad Shafi wa Pakistan, aliyefariki mwaka 1976, hakukubali kuwa mtungaji ana haki ya kuwazuia watu wasichapishe kitabu chake. Mwanawe, Mufti Muhammad Taqi Usmani, akaja akaona kinyume cha baba yake, ya kwamba haki hiyo yazingatiwa katika sharia. Na ni kweli kuwa wanazuoni wa kale walinakiliana vitabu, na aliyelipwa alikuwa mwandishi wa mkono, si mtungaji. Walakini siku hizo kunakili ndiko kulikokuwa na taabu: mtu hukaa miezi na kalamu na wino ndipo apate nakala moja. Leo kunakili ni kufumba na kufumbua, na taabu yote imo katika kutunga.

Sisi watu wa pwani ni wafuasi wa Imamu Shafi, na jawabu tunayo katika vitabu vile vile tunavyosomeshana misikitini, lau twavisoma kwa mazingatio. Katika madhehebu yetu manfaa ya kitu ni mali, kama kitu chenyewe kilivyo mali. Msomaji na afikiri juu ya nyumba tupu ambayo mwenyewe yuko safarini. Mtu akaingia bila ya ruhusa akakaa mwezi mzima. Hakuvunja kioo wala hakuchafua ukuta, kisha akatoka. Mwenye nyumba kapungukiwa na nini? Nyumba yake i pale pale. Lakini mafakihi wetu wamemwita mtu huyu ghasibu, na wamemlazimisha kulipa kodi ya mfano wa nyumba ile kwa muda aliokaa. Bali wamesema atalipa hata kama aliifunga tu asikae ndani. Alichokichukua si mawe wala mbao. Amechukua manfaa, na manfaa yana mwenyewe.

Na programu ni nyumba ya namna hiyo. Mnunuzi hauziwi kisahani wala waya, auziwa manfaa, tena kwa masharti anayoyakubali kabla ya kuitumia. Na Waislamu wameamrishwa kutimiza mapatano yao. Majmaa ya Fiqhi ya Kiislamu ya kimataifa, ilipokutana Kuwait mwezi wa Desemba 1988, ilikata ya kuwa haki za utungaji na za uvumbuzi ni za wenyewe, zahifadhiwa na sharia, wala haijuzu kuzivamia. Sheria ya hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001 nayo imezihesabu programu za kompyuta pamoja na kazi za maandishi. Lakini hatutaki msomaji aache jambo hili kwa kuogopa askari.

Tena si kweli kwamba mwenyewe hapungukiwi. Mwezi wa Februari 1976, Bill Gates, kijana wa miaka 20, aliwaandikia barua ya wazi wapenzi wa kompyuta wa Marekani. Yeye na wenziwe walikuwa wametunga programu ya BASIC kwa ajili ya kompyuta iitwayo Altair, na watu wakawa wanagaiana nakala zake. Alisema kuwa katika wenye Altair, walioinunua hawakufika mmoja katika kumi, na kwamba akihesabu muda walioutumia, malipo hayakufika dola 2 kwa saa. Utasema: naye baadaye akawa tajiri mkubwa. Naam, lakini utajiri wa mwenye mali tangu lini ukahalalisha mali yake? Na tumfikirie kijana wetu wa Mombasa au Lamu, aliyekesha mwaka akatunga programu ya hesabu za maduka. Akaiuza kwa mtu mmoja, na wiki ya pili akaikuta katika maduka kumi ya jamaa zake, nao wamsifu kwa akili yake! Huyu hana utajiri wa kumliwaza.

Wako wasemao: hawa wenye makampuni si Waislamu, mali yao ni halali kwetu. Neno hili ni aibu kwa dini. Bwana Mtume (s.a.w.) usiku alipohama Makka, Maquraishi waliokuwa wakitaka kumuua walikuwa wameweka amana zao kwake. Alimwacha Sayyidna Ali nyuma azirudishe kwa wenyewe. Sisi na makampuni hayo hatuna hata vita, tuna mkataba.

Ama anayetaja ufukara na dharura, tunamwambia mlango wa halali umefunguliwa mkabala naye. Richard Stallman wa Marekani alitangaza mwaka 1983 kazi ya kutunga programu zitakazokuwa huru kutumiwa na kunakiliwa. Na LibreOffice, iliyoanzishwa mwaka 2010, huandika barua na mitihani ya madrasa bila ya malipo. Nyingi katika programu hizi zina sharti: atakayeieneza kwa mwenziwe ampe na uhuru ule ule aliopewa yeye. Sisi tunaojua wakfu hatuoni ugeni hapa, kwani sharti la mwenye kuweka wakfu hufuatwa.

Yabaki swali la fundi. Ujira wake wa kusafisha kompyuta na kutengeneza kilichoharibika ni halali yake. Ujira wa kuvunja kufuli ya programu ya mtu si halali, wala haitengenezi kusema kuwa mteja ndiye aliyeomba. Na mwenye kutumia sasa programu ya namna hii, na aifute atie iliyo huru, au ailipie. Na kwa siku zilizopita, akiweza kuwafikia wenyewe, juu yake ni kama yule aliyekaa katika nyumba.