Gari Linazima Likipata Moto: Pima Kabla Halijapoa

Huenda yamekukuta. Asubuhi gari linawaka mara moja, linakwenda kilomita ishirini bila shida, kisha linazima ghafla barabarani. Ukipiga starta haliwaki. Ukingoja nusu saa, linawaka kama halijawahi kuugua.

Corolla kuukuu ya petroli tuliyokuwa tukiitumia wanafunzi wanne ilitufanyia hivyo Mukono, tukirejea Kampala kutoka Jinja, na wawili wetu walikuwa na mtihani kesho yake. Fundi wa kwanza alibadilisha plagi. Wa pili alituuzia pampu mpya ya mafuta, kwa pesa ya hosteli ya mmoja wetu. Gari likaendelea kuzima. Kila mara tulilifikisha gereji likiwa limepoa, yaani ugonjwa umeshaondoka.

Injini ya petroli inahitaji hewa, mafuta na cheche kwa wakati wake. Ikizima, pima hapo hapo ni kipi kimekosekana. Fundi achomeke plagi ya akiba kwenye koili, aigusishe na chuma cha injini kwa koleo yenye mpira, mbali na mafuta, mwenzake apige starta. Cheche ikionekana, ageukie mafuta: fungua swichi bila kupiga starta, usikilize pampu ikivuma kwa sekunde chache upande wa tangi. Kuvuma peke yake hakutoshi, maana pampu iliyochoka huvuma bila kusukuma. Apime presha kwa geji.

Cheche isipokuwapo kabisa, mshukiwa wa kwanza ni sensa ya krankshafti. Sensa hii huiambia kompyuta ya gari kwamba injini inazunguka. Ikinyamaza, kompyuta haitoi cheche wala haifungui sindano za mafuta. Katika sensa za aina yetu mna koili ya waya mwembamba sana. Ukiwa na ufa, joto huutanua waya na ncha zikaachana. Ukipoa zinagusana tena. Tazama pia mshale wa RPM wakati wa kupiga starta: katika magari mengi, ukilala kwenye sifuri ni dalili ya sensa hiyo. Kompyuta inaweza kuonyesha kodi P0335, lakini usiitegemee, kwani mara nyingine haihifadhi kitu.

Sisi tulizima swichi, tukaifunika sensa kwa kitambaa kilicholowa maji baridi, tukingoja dakika chache. Gari likawaka, huku injini yenyewe ingali ya moto.

Gari linalozima likiwa limesimama tu na kuwaka papo hapo lina habari nyingine: tazama uchafu kwenye mlango wa hewa, mpira uliopasuka, au sensa ya joto la maji. Na mshale wa joto ukifika kwenye nyekundu, simama, na usifungue rejeta ikiwa ya moto.

Pampu yetu ya zamani, nzima kabisa, bado iko chini ya kitanda changu.