Elimu kwa Umma: Memori Kadi Ikiharibika, Usitupe Kifaa

Stima inapopotea ghafla, kompyuta ndogo inayohudumia darasa zima inaweza kukataa kuwaka tena. Wengi huamua kuwa imeungua, na masomo husimama hadi ipatikane nyingine. Mara nyingi kifaa chenyewe ni kizima. Kilichoharibika ni memori kadi, na aliyeweka nakala yake mapema anaweza kukirejesha kifaa siku hiyo hiyo.

Mfano mzuri ni Raspberry Pi, kompyuta yenye ukubwa unaokaribia kadi ya benki, iliyozinduliwa Uingereza mwaka wa 2012. Inaweza kuhifadhi masomo ya Kolibri, ambayo wanafunzi huyafungua bila intaneti. Modeli zake nyingi huwaka kwa kutumia kadi ya microSD. Kadi hiyo ndiyo hubeba programu za kuwashia, mfumo endeshi, mipangilio na mara nyingi masomo yenyewe. Stima ikikatika wakati kifaa kinaandika kwenye kadi, data huvurugika na kifaa hukosa pa kuanzia.

Kwa nini kunakili faili hakutoshi

Kadi hiyo kwa kawaida imegawanywa sehemu mbili. Kompyuta ya Windows huona ile ndogo ya kuwashia tu. Ile kubwa yenye mfumo na masomo haiwezi kuisoma. Kwa hiyo anayenakili faili anazoziona huacha nyuma karibu kila kitu. Dawa ni kutengeneza imeji, yaani faili moja iliyo nakala kamili ya kadi nzima, pamoja na mgawanyo wake.

Hatua za kufuata kadi ikiwa bado nzima

1. Zima kifaa kwa amri yake ya kuzima. Usichomoe waya kikiwa kinafanya kazi.

2. Toa kadi na uiweke kwenye kompyuta. Windows ikiuliza kama ifomati kadi, kataa. Ukikubali, utafuta data.

3. Fungua programu ya Win32 Disk Imager. Chagua kadi, lipe faili jina lenye tarehe, kisha bonyeza "Read". Kadi ya gigabaiti 32 hutoa faili la ukubwa huo huo hata kama haijajaa, hivyo hakikisha kompyuta ina nafasi.

4. Hifadhi imeji kwenye diski ya nje, mbali na kifaa.

5. Ijaribu. Iandike kwenye kadi ya pili kwa kutumia Raspberry Pi Imager, ambayo hukagua kazi yake baada ya kuandika. Weka kadi hiyo ndani ya kifaa na uone kama kitawaka. Nakala isiyojaribiwa si ya kutegemewa.

Siku kadi ya kwanza itakapokufa, ya pili itachukua nafasi yake. Ukinunua nyingine, chagua kubwa kidogo, kwani kadi mbili zilizoandikwa gigabaiti 32 huweza kutofautiana, na imeji isienee kwenye ile ndogo.

Tahadhari

Kuandika imeji hufuta kila kitu kilichokuwa kwenye kadi inayoandikwa. Soma jina na ukubwa wa diski mara mbili kabla ya kubonyeza, usije ukafuta diski ya nje yenye kumbukumbu za ofisi.

Imeji pia hubeba nywila, majina ya wanafunzi na alama zao. Kwa mujibu wa Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, anayehifadhi taarifa za watu ana wajibu wa kuzilinda, na nakala haijaachwa nje. Diski yenye imeji ifungiwe kabatini, na isiazimwe ovyo.

Njia hii haifai kwa simu za mkononi, kwa sababu mfumo wa simu hukaa kwenye kumbukumbu ya ndani. Vilevile haifufui kadi iliyokwisha kufa bila nakala.

Wasimamizi wa maabara za kompyuta, maktaba na vituo vya vijana wanahimizwa kutengeneza imeji sasa, vifaa vikiwa vinafanya kazi, na kuirudia kila wanapoongeza masomo au kubadilisha mipangilio. Gharama ni kadi moja ya ziada na muda wa kusubiri. Asiye na nakala atalazimika kuanza upya, na kazi ya wanafunzi iliyokuwa kwenye kadi huenda isipatikane tena.