Kusahihisha Tahajia kwa Masikio na Vidole

Wengi wenu mmepita mlangoni mwa chumba cha kompyuta mkanikuta nasemeshwa na mashine. Wengine mmeniuliza, "Wewe usiyeona, wajuaje kwamba umeandika sawasawa?" Swali hilo ni jema, na muhula huu limenifunza jambo. Nimeona yafaa nilijibu hapa, maana naamini hata mwenye macho atapata lake.

Kwanza nieleze chombo chenyewe. Katika kompyuta yetu mna programu ya kusoma skrini iitwayo NVDA. Ilianzwa mwaka 2006 na Michael Curran wa Australia, kisha akaungana naye James Teh; wote wawili hawaoni. Hutolewa bure, ndiyo maana hata shule isiyo na fedha nyingi yaweza kuwa nayo. Kazi yake ni kutamka yaliyoandikwa kwenye skrini. Kipanya hatukitumii, maana hatuoni kinakoelekea. Kila kitu twakiendesha kwa vitufe vya kibodi.

Sasa nisimulie kisa changu. Mwanzoni mwa muhula, sisi wanafunzi tusioona tulikubaliana kumwandikia Mkuu wa Shule, tukiomba chumba hicho kifunguliwe usiku wakati wa kujisomea. Wenzetu husoma madaftari yao, lakini masomo yetu mengi yamo ndani ya mashine. Nikachaguliwa mimi kuandika. Nilipomaliza niliiamuru sauti isome barua yote kwa kasi, kama ilivyo desturi yangu, nikaridhika. Kabla ya kuipeleka nikampa mwalimu wetu wa Kiswahili aitazame. Alisoma kimya, kisha akaniuliza, "Mwanangu, mnamwoza nani?"

Kumbe badala ya "tunaomba mahali pa kusomea" nilikuwa nimeandika "tunaomba mahari pa kusomea"!

Nilicheka pamoja naye, lakini usiku ule usingizi ulichelewa. Mwenzangu mwenye macho akikosea, watu husema amefanya haraka. Nikikosea mimi, watasema ni kwa sababu sioni, na wataona kumbe hata hicho chumba hakitatufaa kitu. Kosa la herufi moja lingewaumiza wenzangu wote.

Basi nikajiuliza, kosa lile lilipitaje? Nikaona lilipita milango mitatu. Mlango wa kwanza ni sikio langu: katika lugha ya nyumbani kwetu L na R hatuzitengi sana, kwa hiyo sikushtuka. Wa pili ni kasi ya sauti. Wa tatu ni kompyuta yenyewe: mahari ni neno halali la Kiswahili, nayo hukamata neno isilolijua tu, si neno lililokaa mahali pasipo pake.

Tangu siku ile nafuata utaratibu huu katika Microsoft Word.

1. Naanza na lugha. Hati ya Kiswahili ikiwekewa lugha ya Kiingereza, karibu kila neno litahesabiwa kuwa kosa, na hutajua pumba ni zipi na mchele ni upi. Kadhalika nachagua sauti ya Kiswahili, maana ile ya Kiingereza huyapotosha maneno yetu.

2. Nabonyeza Ctrl na Home ili nirudi mwanzo, kisha F7. Kompyuta husimama penye neno inalolishuku na kutoa mapendekezo. Nayapitia kwa Tab na mishale, na nikipata lifaalo nabonyeza Enter. Silikubali pendekezo la kwanza kwa kuwa ni la kwanza. Majina ya watu na vijiji nayo hushukiwa; hayo nayaacha kama yalivyo, baada ya kuyasikiliza.

3. Napunguza kasi ya sauti, nasoma mstari mmoja mmoja kwa mshale wa chini. Neno likinitia shaka, nalipitia herufi moja moja kwa mshale wa kulia. M na N zikinitatiza, nabonyeza mara mbili 2 iliyo upande wa tarakimu, nayo sauti hunitajia neno lianzalo na herufi hiyo.

4. Ninayo orodha ya maneno yangu ya mtego: mahali na mahari, kula na kura, thamani na samani. Nabonyeza Ctrl na F, nalitafuta kila moja. Likipatikana, naisoma sentensi nzima na kujiuliza kama hilo ndilo nililokusudia.

5. Mwisho nampa mtu mwingine asome. Hili si jambo la aibu, wala si la wasioona peke yao.

Nilipoipitisha ile barua katika njia hii, nilikuta makosa mengine manne ambayo hata mwalimu hakuyaona. Nikayasahihisha, barua ikapelekwa. Jibu lilikuja baada ya wiki mbili: chumba kitafunguliwa kila Jumanne na Alhamisi usiku. Tuliomba siku tano tukapewa mbili, nasi tumeshukuru na tunajiandaa kuomba tena.

Ndugu zangu wa Kidato cha Nne, mtihani uko karibu, na kule hamtakuwa na F7. Basi kila mmoja aandike leo maneno yake matano ya mtego, ayapitie kabla ya kulala. Wahenga walisema mwenye macho haambiwi tazama. Lakini nimesomewa insha zenu bwenini, nami nawaambia: tazameni.

Mwanafunzi, Kidato cha Nne