Sidiria ya safari ya pikipiki

Swali: Kila wiki napanda pikipiki kutoka Mutshatsha kwenda Kolwezi kuuza unga wa mihogo. Mashimo ni mengi, na matiti yananiuma hadi jioni. Nivae sidiria gani?

Jibu: Pole sana, mama. Ndani ya titi hamna msuli. Likirushwa, ngozi na nyuzi za ndani ndizo zinazovutwa. Kwenye sidiria, uzito wa matiti hubebwa zaidi na mkanda wa chini ya matiti, si kamba za mabegani. Chagua sidiria ya michezo yenye mkanda mpana na vikombe vinavyofunika titi lote. Chini ya mkanda vipite vidole viwili tu. Inua mikono, rukaruka: mkanda ukipanda mgongoni, ni mkubwa. Ya mitumba ivute kwanza. Mpira usiporudi, iache. Ukigusa uvimbe kwenye titi, nenda hospitali upesi.