Rwanda baada ya 1994: shamba hili la nani?

Katika soko la Mwaloni, Kirumba, jijini Mwanza, magunia ya dagaa hupakiwa kwenda Rwanda, Burundi na Kongo. Wateja kutoka Rwanda si wageni sokoni hapo, na maswali kuhusu nchi yao hayakauki.

Ziwa liliguswaje?

Mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi yalianza Aprili 1994, na Mto Kagera ukabeba maiti hadi Ziwa Victoria. Nyingi zilizikwa upande wa Uganda, Kasensero na Lambu. Watu wengi wa mwambao waliacha kula samaki. Mwishoni mwa mwezi huohuo takriban watu 250,000 walivuka daraja la Rusumo kwa muda wa siku moja hivi, wakaingia Ngara, Tanzania.

Mahakama ya kimataifa ya Arusha, ya kesi za mauaji hayo, haikutosha?

Ilishtaki watu 93 tu, ikafungwa Desemba 2015. Magereza ya Rwanda yalikuwa yamefurika zaidi ya watu 120,000! Ndipo likafufuliwa baraza la gacaca, la kukaa majanini, na majaji wake wakawa wanakijiji. Lilipofungwa Juni 2012 lilikuwa limesikiliza kesi karibu milioni mbili. Nyingi hazikuhusu damu bali mabati, ng'ombe, milango iliyong'olewa. Asiye na fedha za fidia aliweza kumlimia yule aliyemwibia.

Na ardhi?

Hapo ndipo penye mgogoro. Watutsi waliokimbia tangu 1959 walirudi 1994 wakaingia katika mashamba ambayo wamiliki wake walikuwa wamekimbilia Ngara. Mkataba wa amani wa Arusha wa Agosti 1993 uliwashauri waliokaa nje zaidi ya miaka 10 wasidai mali iliyokwisha kukaliwa na wengine. Kisha, Desemba 1996, Tanzania ikawarudisha wakimbizi karibu nusu milioni. Sasa nani ahame? Mashariki mwa Rwanda viongozi waliamua shamba likatwe: nusu yako, nusu yake. Watu walinung'unika, wakalima.

Marekani nayo iliwahi kukwama hapohapo, kwenye ardhi. Januari 1865 Jenerali Sherman aliwagawia watumwa walioachwa huru ardhi ya pwani. Kabla mwaka haujaisha, Rais Andrew Johnson aliagiza irudishwe kwa mabwana wa zamani.

Kabila la mtu linaulizwa bado?

Vitambulisho havilitaji. Kwenye vizuizi vya barabarani vya 1994 neno moja katika kadi lilitosha kumuua mtu. Leo sheria zinaadhibu uchochezi wa mgawanyiko, na wakosoaji husema wavu huohuo umewanasa wapinzani na waandishi wa habari.